Ulemavu wenye hauonekane: mutu aweze kusema bila kupoteza



Katika miji yetu, mutu akitamka neno "kilema", wote tunawaza fimbo, trisikli, mukono uliokatika, macho yasiyoona. Yule tunamuona toka mbali. Kuko wenye wanamusaidia, kuko wenye wanamuzarau, lakini hakuna mutu anamwambia: "Wee unadanganya."

Kuko wengine. Tunapita nao kila siku kwenye avenyu, tunakaa nao darasani, tunapanda nao pikipiki, na hatujue kitu. Huyu iko na kifafa. Yule ni SS, damu yake inamutesa toka alizaliwa. Mwengine hasikie na sikio moja tangu bombe ilianguka karibu na nyumba yao. Mwengine, tangu siku alikimbia kijiji chake, halalake usiku; mulango ukifungwa kwa nguvu, mwili wote unatetemeka. Hawana fimbo, hawana trisikli. Kwa macho, wote ni wazima. Hiyo njo shida yao ya kwanza.

Leo tunazungumuza juu yao, na juu yetu, maana kati yetu sisi wenye tunaandika haya kuko wanaoishi hivyo. Tunataka kusema jambo moja. Kila siku, mutu kama huyu anawekwa mbele ya milango miwili. Akisema hali yake, anapoteza: masomo, kazi, nyumba ya kupanga, muchumba. Akificha, anaitwa muvivu, mujeuri, mulevi, ao mulozi. Ugonjwa wenyewe unaumiza, ni kweli. Lakini milango hii miwili haikutengenezwa na ugonjwa. Imetengenezwa na watu, na watu wanaweza kuibomoa.

Akisema, anapoteza

Tuanze na kifafa, maana kinatisha watu kuliko magonjwa mengine yote.

Mutoto wa sekondari anaanguka darasani. Mwili unakakamaa, unatikisika, povu inatoka mudomoni, pengine anajikojolea. Dakika mbili ao tatu, inaisha. Lakini katika hizo dakika maisha yake imebadilika. Wenzake wamekimbia nje, sababu toka utoto waliambiwa kwamba povu na mate vinaambukiza. Kesho yake anabaki peke yake kwenye benchi. Wiki inayofuata wanaita muzazi: "Mama, mutoto wako anavuruga wengine. Umuweke kwanza nyumbani, akipona utamurudisha." Ile siku ya "akipona" haifike, kwa sababu hakuna mutu aliyemuandikia dawa.

Tunawaona wengi katika kartie zetu wenye makovu ya moto usoni na mikononi. Waliangukia mbabula, na watu waliokuwa hapo waliogopa kuwagusa.

Basi tuseme wazi: kifafa hakiambukize. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kulala kwenye kitanda kimoja. Ni umeme wa ubongo wenye unapita kipimo kwa muda mufupi. Kinaweza kutoka kwa mutoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, meninjiti, kuumia kichwa, ao mayai ya minyoo ya nguruwe yanayofikisha ugonjwa mupaka kwenye ubongo. Na hapa mashariki kuko sababu ingine yenye watu hawajue. Huko Ituri, kwenye zone ya afya ya Logo, teritware ya Mahagi, watafiti walikuta kifafa ni kingi sana katika vijiji vya karibu na mito inayokimbia kwa nguvu. Pale njo panazaliana nzi mudogo mweusi mwenye kuleta onkoserkozi, ugonjwa wenye tunajua kwamba unapofusha macho. Fikiria sasa: katika jamaa moja watoto wawili ao watatu wanaanguka, na kijiji kizima kinatafuta nyanya gani amewaloga. Kumbe ni nzi. Na kuzuia ugonjwa wa yule nzi kuko dawa, ivermektini, yenye inagawanywa bure katika kampeni.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kwamba watu karibu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na kwamba 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupata dawa sawasawa. Moja ya dawa zile, fenobarbitali, ni ya zamani na ni ya bei rahisi. Tunazungumuza juu ya kidonge cha kila siku, hatuombe mashine ya mamilioni.

Lakini kidonge kile mutu atakipata wapi? Kwenye santre de sante nyingi hakipatikane. Muzazi anatumwa kwenye kituo cha magonjwa ya akili. Kuko vituo vinavyofanya kazi kubwa, kama Tulizo Letu hapa Goma na SOSAME kule Bukavu, vyote vya Wafurere wa Upendo. Wale wanapokea wagonjwa na wanawatunza vizuri. Shida ni barabara: mutu akikuona unaingia pale, jioni kartie nzima imesema uko wazimu. Kwa hiyo mama anangoja. Anangoja mwaka, anangoja miaka mitatu, na mutoto anazidi kuanguka.

Wengine wanapelekwa kwenye chumba cha maombi. Sisi pia tunasali, hatuchekelee imani ya mutu. Lakini mutu akiambiwa "kama uko na imani tupa dawa", tunapaswa kusema hapana, na kuisema kwa sauti. Kuacha dawa ya kifafa mara moja kunaweza kuleta mushituko usiokatika, na ule unaua. Maombi na kidonge havipigane. Na kama ni mutoto anaitwa mulozi juu ya ugonjwa wake, hapo tunaingia kwenye makosa ya jinai: sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kulinda mutoto, katika kifungu cha 160, inamuazibu mutu anayemushitaki mutoto ulozi. Haijalishe ni pasta, ni mjomba ao ni mama wa kambo.

Kisha inakuja ndoa. Jamaa inajua binti yao iko na kifafa, lakini inanyamaza mupaka mahari inatoka. Siku ataanguka kwa bwana yake, anarudishwa kwa wazazi na mutoto mugongoni, na shangazi wa pale anasema: "Mulituuzia kitu kibovu." Kitu. Dada yetu amekuwa kitu. Kweli jamaa ilificha. Lakini tuulize: kama wangesema mwanzoni, ni nani kati yetu angeendelea kumuchumbia? Kila mutu ajibu ndani ya moyo wake.

Akificha, anaitwa majina

Mulango wa pili ni kunyamaza. Na kunyamaza pia kuko na bei.

Angalia mwenye drepanositozi, wenye tunaita SS. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: mutoto amepokea S moja kwa papa na S moja kwa mama, na mara mingi wazazi wote wawili ni wazima, hawakujua. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu inaingia mupaka ndani ya mifupa. Baridi inaiamusha. Kiu inaiamusha. Uchovu na homa vilevile. Sasa weka mutu kama huyu katika miji yetu ya milima, na mvua yetu, na bidon ya litre 20 kichwani kwa sababu robine ya kartie imekauka.

Jumamosi amekuja kwenye karamu, amecheza. Jumatatu iko kitandani analia. Jirani anasema: "Si nilimuona juzi? Anajifanyizaka tu." Siku ya salongo hakutoka, shefu wa avenyu anamuandikia amande. Masomo anakosa siku kumi, anarudi, mwalimu anamuita mutoro. Egzamini ya Leta inafika, maumivu inamukamata asubuhi ile ile, na mwaka muzima umepotea. Hata lopitali, pahali palipaswa kumuelewa, anaweza kuambiwa: "Wee kijana, maumivu gani hii ya kila mwezi?"

Na nyumbani kuko neno linaloua pole pole: "Huyu ni mutoto wa kufa, tumulipie masomo ya nini?" Bandugu, SS si hukumu ya kifo. Utafiti uliofanyika katika inchi 4 za Afrika, moja ya vituo vyake ikiwa Kinshasa kwetu, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa inayoitwa hidroksiure inapunguza maumivu, inapunguza malaria na mahitaji ya damu, na inapunguza vifo vya watoto. Mutoto wa SS anaweza kukomaa, kusoma, kufanya kazi, kuzaa. Kinachomukatia njia ni ile hesabu ya jamaa yenye imemuzika angali anapumua.

Angalia mwenye kusikia kidogo. Bombe, meninjiti, hata dawa fulani kali vinaweza kuharibu masikio. Darasani wako 70, yeye iko nyuma. Mwalimu anauliza, yeye anajibu kitu kingine, wote wanacheka. Kisha miaka miwili anaitwa mujinga, na yeye mwenyewe anaanza kuamini. Lakini kuko pahali pabaya zaidi kuliko darasa: kwenye bariere, usiku. Mwenye silaha anapiga kelele "Simama!" na kijana anaendelea kutembea, maana hakusikia. Katika inchi ya vita, kutosikia kunaweza kuchukuliwa kuwa uasi. Mutu anaweza kufa juu ya sikio.

Angalia na wale wenye vita iliwaingia kichwani. Dada mwenye hapende kukaa akigeuzia mulango mugongo. Papa mwenye alikuwa mutulivu, leo anakasirikia watoto juu ya sauti ya sahani. Kijana mwenye hakumbuke kitu umemuambia asubuhi. Tunawaita "wavuta bangi", "wamechanganyikiwa", "wana kiburi". Katika majimbo yetu, vita imepita kwa miaka karibu 30. Ni jamaa gani haina mutu wa namna hii? Na ni jamaa gani inasema?

Kuficha kunatufikia sisi wote

Kuko wenye watasema: "Hiyo ni shida ya kila mutu na nyumba yake." Haiko hivyo, na mufano mumoja unatosha.

Kijana iko na kifafa. Hana diplome, sababu alitolewa masomoni. Kazi yenye inabaki kwake ni ile ya maelfu ya vijana katika miji yetu: motari. Anajua kwamba haifai aendeshe. Anajua pia kwamba akisema, mwenye moto atamunyanganya funguo jioni ile ile, na nyumbani wanangoja unga. Ananyamaza, anaendesha. Siku moja anaangukia kwenye mutelemuko, na nyuma yake kuko mama na mutoto wa miezi sita.

Mutamulaumu, na muko na haki ya kuogopa. Sisi hatuseme kwamba mwenye kuanguka aachiwe usukani. Tunasema: kama kusema kungemupatia dawa na kazi ingine katika ushirika ule ule, kuosha moto, kutunza vipuri, kuandika hesabu, angesema. Tumefanya ukweli uwe na bei yenye mutu mwenye njaa haweze kulipa, na kisha tunashangaa kwamba anadanganya.

Sheria iko

Tusidanganywe kwamba tunaomba huruma. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba mutu mwenye ulemavu iko na haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Soma vizuri: ya mwili, ya akili na ya roho. Haikusema "mahitaji yenye kuonekana". Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3/5/2022 ilitoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao.

Yale Mapatano yanasema jambo lenye tungependa kila burgumestre aandike kwenye ukuta wa biro yake: ulemavu unatokea pale hali ya mutu inapokutana na vizuizi vya jamii. Maana yake, kijana wa SS mwenye kupigwa amande ya salongo amewekewa ulemavu na ile amande pia. Mutoto wa kifafa mwenye kufukuzwa masomoni amewekewa ulemavu na ule mulango.

Lakini miaka inapita tangu sheria ya 2022, na ukienda kwenye biro ya kartie, kwenye masomo, kwenye komisaria, uulize kama wanaijua, watakuangalia kama unasema Kichina. Sheria yenye haijateremuka mupaka kwenye avenyu inabaki karatasi ya Kinshasa.

"Lakini watu watadanganya"

Tunalisikia hilo neno kila mara: tukikubali vilema visivyoonekana, kila muvivu atasema iko na kimoja. Ni kweli, wadanganyifu watakuwepo. Wako hata kati ya wenye kuomba na fimbo. Lakini pima pande zote mbili. Tukimuamini mudanganyifu mumoja, tumepoteza siku moja ya salongo. Tukikosa kumuamini mugonjwa mumoja, anaweza kuanguka na ile bidon ya maji na asiamuke. Kwa mambo makubwa, karatasi ya daktari inatosha, lakini iwe bure: mutu asilipe ili kuonyesha kwamba anaumwa. Kwa mambo madogo, kiti, nafasi ya mbele, kupumzika dakika tano, neno la mutu litoshe.

Tunaomba nini

1. Wizara ya afya na divisheni za majimbo: dawa za kifafa zifike kwenye santre de sante za karibu, na mafirmie wafundishwe kuzitoa na kufuata wagonjwa. Mutu wa kifafa apate dawa pahali wote wanapata dawa ya malaria. Hidroksiure na vipimo vya watoto wachanga visibaki vya wenye pesa.

2. Wakubwa wa elimu: mutoto asifukuzwe juu ya kifafa, SS, masikio ao mushituko wa vita. Mwenye hasikie vizuri akae mbele. Na kuwe mupango wa wazi kwa mwenye ugonjwa unamukamata siku ya egzamini.

3. Maburgumestre na mashefu wa kartie na avenyu: hakuna amande ya salongo kwa mwenye ugonjwa, na karatasi yake isitangazwe mbele ya watu.

4. Wote wenye kusimamisha watu kwenye bariere: onyo liwe la sauti na la mwangaza, zaidi ya mara moja. Kuna wenye hawasikie.

5. Wachungaji, mapadri na maimamu: museme hadharani, mbele ya waamini: endeleeni na dawa zenu. Neno lenu moja linafanya kazi kuliko matangazo mia.

6. Shirika za motari na wakubwa wa kazi: mwenye kusema ukweli juu ya afya yake abadilishiwe kazi, asifukuzwe.

7. Sisi vijana: katika mikutano yetu kuwe maji, viti, na ruhusa ya kutoka bila kuuliziwa sababu. Katika maandamano, kila kikundi kiwe na mutu wawili wenye kujua nani atahitaji musaada, na wenye kufunga kinywa. Siri ya afya ya mutu haipite kwenye grupe ya WhatsApp.

Na kuko kitu chenye hakingoje serkali. Ukiona mutu anaanguka kwenye barabara, usikimbie. Ondoa mawe na vyuma karibu naye, weka nguo ao begi laini chini ya kichwa. Usimushikilie kwa nguvu, usimutie kijiko wala kidole mudomoni, usimunyweshe kitu. Angalia saa. Mushituko ukipungua, mugeuze ubavu ili mate itoke na apumue. Kama inapita dakika tano, ao inarudi mbele hajaamuka, tafuta moto ao gari mumupeleke lopitali haraka.

Simu ibaki mufukoni. Usimufilme. Ile video ya sekunde kumi njo itamufukuzisha kazi, njo itavunja uchumba wake, njo itamufanya asitoke tena nyumbani mwezi muzima. Waambie na wengine wenye wamesimama waache.

Akiamuka atakuwa amechoka, hajue iko wapi, na atasikia haya kuona watu wamemuzunguka. Ondoa ule umati. Mwambie jina lako, mwambie kimefanyika nini, polepole. Kisha muulize kama anataka umusindikize nyumbani, na kama anasema ndiyo, umusindikize.